Namba, Bati na Sauti: Masika ya Karatu

Watalii wengi huipita Karatu wakiangalia saa. Wametoka Arusha, kama kilomita 140 nyuma, wameonja ndizi nyekundu za Mto wa Mbu, wamesimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa kupiga picha Ziwa Manyara, na sasa wanachotaka ni kitanda, ili alfajiri wawahi lango la Lodoare na kushuka kreta ya Ngorongoro. Mji wenyewe wanauona kupitia kioo cha Land Cruiser: udongo mwekundu, bodaboda, vituo vya mafuta, mabango ya loji. Masika yakishika, hata hao hupungua. Hapo ndipo madereva wa watalii hupata nafasi ya kukaa kwao, kupalilia, kurekebisha paa linalovuja na, kwa baadhi yao, kusikiliza muziki.

Shemeji yangu ni mmoja wa hao baadhi. Amemuoa dada yangu, na ameendesha watalii tangu barabara ile ikiwa ya vumbi. Sebuleni kwake ana amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1980 na spika mbili za mbao zinazofika magotini. Deki ya kanda iliyokuja nazo ilishakufa. Muziki wake siku hizi uko kwenye simu, kwenye kompyuta ya mapajani na kwenye flashi, na amplifaya ya zama zile haina mahali pa kuchomeka hata kimoja kati ya hivyo. Ina matundu ya RCA tu, jekundu na jeupe, yanayosubiri mkondo wa umeme, wala hayajui namba ni nini. Alikuwa ametenga laki tatu, akaniita nimsaidie kuchagua kigeuzi cha sauti.

"Shemeji, somo la chuo sitaki," aliniambia hata viatu sijavua. "Nipe jina na bei."

Jina na bei havikupatikana bila somo, ila nililifupisha. Wimbo ulioko kwenye simu ni msururu wa namba. Kwenye CD, ambayo Sony na Philips waliingiza sokoni mwaka 1982, sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kulia na kushoto, na kila kipimo kimepewa ngazi moja kati ya 65,536. Kigeuzi, ambacho kwenye boksi huandikwa DAC, husoma namba hizo na kuzirudisha kuwa umeme unaopanda na kushuka. Amplifaya huukuza umeme huo, spika hutikisa hewa, nasi tunasikia gitaa. Kila simu inayotoa sauti ina kigeuzi ndani yake, hali kadhalika televisheni, king'amuzi na sabufa ya Bluetooth. Kwa hiyo mnunuzi hajiulizi kama anacho. Anajiuliza kama alichonacho kinatosha, na kama kina mlango unaoingiliana na vyombo vyake.

Zamani jibu lilikuwa la pesa nyingi. Mashine ya kwanza ya CD kuuzwa, Sony CDP-101, ilitoka Japani Oktoba 1982 kwa yeni 168,000, na ndani yake kilikuwemo kigeuzi kimoja tu, kilichohudumia kulia na kushoto kwa zamu, upesi upesi, kwa sababu vipande hivyo vilikuwa ghali. Leo Apple wanauza Marekani kipande cha waya kifupi kuliko kalamu, upande mmoja USB-C na upande wa pili tundu la visikizi, kwa dola 9. Kigeuzi kimo ndani ya kile kichwa cha plastiki, na kikipimwa maabara kinakaribia ukomo wa CD yenyewe. Nilikuwa nacho mfukoni. Nilikuwa pia nimebeba kigeuzi cha mezani cha FiiO, kampuni iliyoanzishwa Guangzhou mwaka 2007, mji uleule ambao wafanyabiashara wa Kariakoo huenda kufunga mizigo. Cha tatu alikuwa nacho shemeji mwenyewe: kiboksi cheusi kisicho na jina, alichonunua mjini kwa bei mchekea ili televisheni izungumze na amplifaya.

Tulianza na kompyuta. Kabla hata wimbo haujaanza, spika zilitoa mvumo mzito, mmoja, usiokatika. Tukabadilisha kigeuzi, mvumo ukabaki palepale. Shemeji akaanza kulaumu vitu vya Kichina, nikachomoa chaja ya kompyuta ukutani, mvumo ukakatika papo hapo. Nikairudisha, nao ukarudi.

Ugonjwa huu umewafanya watu wengi watupe vigeuzi vizima. Chaja ya kompyuta na amplifaya zikiwa kwenye soketi mbili tofauti, na waya wa sauti ukiziunganisha, umeme unapata njia ya kuzunguka kutoka ardhi ya chombo kimoja kwenda ardhi ya kingine. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, na mzunguko huo ukiingia kwenye waya wa sauti, amplifaya inaukuza kama inavyokuza besi. Kigeuzi cha milioni hakikuponyi. Dawa ni za bei ndogo. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au sikiliza kompyuta ikiwa kwenye betri, au tumia waya wa mwanga ule wa Toslink, ambao Toshiba waliuanzisha mwaka 1983. Ndani ya waya huo namba husafiri kwa mwanga, na mwanga haubebi umeme wa ardhi.

Kwa televisheni tulitumia waya huo pamoja na kile kiboksi cheusi, na mvumo haukuwepo kabisa. Kulikuwa na jambo lingine. Shemeji alipozungusha sauti hadi juu bila wimbo wowote kucheza, nikasogeza sikio kwenye spika, nikasikia mfoko mwembamba, shshsh, na ndani yake kitu kama mbu. Adapta iliyokuja nacho ndiyo iliyokuwa inachafua umeme wake. Tukakilisha kwa pawabanki, mbu akatoweka, mfoko ukapungua mpaka ukawa hausikiki ukiwa umekaa kwenye kochi. Ila ulibaki. FiiO na waya wa Apple, kwenye sauti ileile ya juu, vilikuwa kimya. Basi sakafu ya bei ipo. Kigeuzi cha bei ya chini kabisa kinaweza kukuuzia kelele zake pamoja na muziki wako, na njia ya kukijua ni kupandisha sauti bila wimbo na kutega sikio kabla hujalipa.

Mvua ilipopumzika tulipata nafasi kwenye gari la rafiki yake shemeji, tukapanda Ngorongoro. Baada ya Lodoare lami inakwisha, msitu unaanza, na ukungu unakaa barabarani kana kwamba nao una kibali cha kuingia. Juu ya ukingo ni zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyevaa shati la Karatu anajuta. Kisha ukungu ukafunguka, kreta ikajitokeza: sakafu ya kilomita za mraba kama 260, kina cha mita 600 hivi, na Ziwa Magadi katikati likiwa limepanuka kwa mvua. Nimeyasoma maelezo yake tangu shule, kwamba eneo la hifadhi lilianzishwa 1959 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia 1979. Hakuna somo linalokuandaa kwa ukubwa ule.

Tembo wa kreta ni madume makubwa, wengi wakiwa kwenye msitu wa Lerai na pembeni yake. Dereva alizima injini karibu na mmoja aliyekuwa akivunja matawi. Tulisikia kuni zikikatika, tukasikia tumbo, kisha shemeji akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mngurumo mwingine anausikia kifuani, si masikioni. Alichosema kina historia. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne, akiwa kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, alihisi mtetemo hewani karibu na tembo, na vipimo vikathibitisha kwamba wanaongea kwa sauti nzito kupita uwezo wa sikio letu. Utafiti ukaendelea Amboseli, upande wa pili wa mpaka, pamoja na Joyce Poole. Mingurumo yao mingine inashuka hadi hezi 14 hivi, yaani mitetemo 14 kwa sekunde, na sikio la binadamu linaanzia kama 20.

"Sasa hiyo ndiyo nataka sebuleni," alisema shemeji. "Kigeuzi gani kinatoa hiyo?"

Vyote vinatoa, na hiyo ndiyo habari mbaya kwa wauzaji. Namba za CD zinaweza kuhifadhi mngurumo wa hezi 14 bila taabu, na waya wa dola 9 unautoa. Kinachoshindwa ni spika za mbao, ambazo zimechoka kabla hata ya kufika hezi 40. Upande wa juu mambo ni hayohayo. Popo wanaoruka jioni kwenye mapaa ya Karatu huwinda wadudu kwa milio ambayo kwa kawaida iko juu ya kilohezi 20, ambako sikio la mtoto mwenye afya huishia. Sikio la mtu aliyevuka miaka 50 huishia chini zaidi. Kanuni ya hesabu inasema ukipima sauti zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, umeipata yote. Ndiyo maana CD ilichagua vipimo 44,100, mara mbili ya 20,000 na akiba kidogo. Boksi likiandikwa kilohezi 192 au 768, linakuuzia masikio ya popo.

Biti nazo zina hadithi yake. Biti 16 za CD, yaani zile ngazi 65,536, zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Boksi la biti 32 linaahidi mara mbili ya hapo, lakini hakuna kigeuzi kinachofika huko, wala sebule inayoweza kukipokea. Chini ndani ya kreta, injini ikiwa imezimwa, palikuwa na ukimya kuliko popote nilipokaa mwaka ule, na bado upepo ulikuwa ukipuliza kwenye nyasi na pundamilia wakigombana mbali. Halafu fikiria nyumba ya bati wakati wa masika. Tuliporudi Karatu jioni ile mvua ilikuwa imeanza tena, na sebuleni tulikuwa tunapigiana kelele ili tusikilizane. Desibeli 96 zote zilikuwa zimefunikwa na paa.

Tena muziki wenyewe tunaoupenda hauombi makubwa. Shemeji ni mtu wa zilipendwa: NUTA Jazz, Atomic ya Tanga, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Nyimbo nyingi za aina hiyo zilirekodiwa kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa maikrofoni chache, kwenye utepe wa sumaku. Utepe wa siku zile ulikuwa na nafasi ya desibeli kama 60 hadi 70 kabla mfoko wake haujameza sauti ndogo. Kigeuzi kinachofika ukomo wa CD kimeshaupita utepe huo na akiba tele.

Hata hivyo watu hubishana kuhusu kipande cha ndani cha kigeuzi, kama wanavyobishana kuhusu injini za magari. Oktoba 2020 kiwanda cha kampuni ya AKM huko Nobeoka, Japani, kiliungua, na vipande vyake vilivyokuwa vikitumiwa na watengenezaji wengi vikaadimika duniani. Wengi wakahamia vya kampuni nyingine, ESS. FiiO waliendelea kuuza kigeuzi chao cha K5 Pro kwa umbo lilelile, ndani wakiwa wamebadilisha kipande. Mtu asiyesoma magazeti ya mambo haya angeendelea kusikiliza bila kujua kwamba kuna kitu kimeungua. Kinachoamua sauti zaidi ni usafi wa umeme, na namna saketi ilivyopangwa kukizunguka kipande hicho.

Hayo shemeji hakutaka kuyaamini kwa maneno, na alikuwa na haki. Tulifanya jaribio la kweli. Kikwazo chake ni kwamba kigeuzi cha mezani kwa kawaida hutoa volti 2, na waya wa Apple, ule wa Marekani, hutoa 1. Tofauti hiyo ni desibeli 6, na sikio likipewa vitu viwili litasema chenye sauti kubwa ndicho kizuri, hata kama ni kitu kilekile. Fundi redio wa jirani alituazima mita yake. Tukacheza mlio mmoja wa hezi 100, tukapima umeme wa AC kwenye nyaya za spika, tukapunguza sauti ya FiiO kwenye kompyuta mpaka mita ikasoma sawa kwa vyote viwili. Kisha dada akakaa nyuma ya amplifaya kubadilisha nyaya bila kusema, na shemeji akakaa kwenye kochi, uso ukielekea dirishani.

Alibahatisha. Mara alisema hiki, mara kile, na dada akacheka mpaka akataka kuacha kazi. Tukabadilisha mchezo. Safari hii kigeuzi kilikuwa kilekile, wimbo uleule, lakini faili mbili. Moja ilitoka kwenye flashi aliyojaziwa nyimbo kibandani karibu na stendi. Nyingine niliitoa kwenye CD ya tatu ya mfululizo wa Zanzibara, iliyotolewa Ufaransa na Buda Musique mwaka 2007, yenye bendi za dansi za Tanzania za miaka ya 1960. Hapo hakukosea hata mara moja. Kwenye faili ya kibandani manyanga yalikuwa yamegeuka vumbi, na mwisho wa kila neno la mwimbaji ulikuwa umekatwa. Kwenye CD ulisikia kila mbegu ndani ya manyanga, ukasikia kucha ikigusa waya wa gitaa la solo kabla noti haijatoka, na mwimbaji akivuta pumzi. Wimbo wa kibandani ulikuwa umebanwa na kubanwa tena, pengine mara tatu, tangu ulipopandishwa mtandaoni. Kigeuzi hakiwezi kurudisha kilichotupwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye amplifaya ya zamani na pesa ya kawaida unaanzia mbali na kigeuzi. Tafuta kwanza faili safi: CD halisi, au huduma za kusikiliza mtandaoni kwenye kiwango chake cha juu. Spotify iliingia Tanzania Februari 2021, na kiwango chake cha kilobiti 320 kwa sekunde kwa mlipiaji kinatosha kabisa kwa sebule. Halafu tazama vyombo vyako vinatoa nini. Ukitumia kompyuta au simu yenye USB-C, waya wa aina ya Apple na waya mwingine wa kutoka tundu la visikizi kwenda RCA utakumalizia kazi kwa shilingi elfu hamsini au pungufu. Angalia tu mambo mawili: toleo la Ulaya la waya huo hutoa nusu volti tu, na kwenye baadhi ya simu za Android sauti hutoka ndogo, hivyo ujaribu dukani na simu yako mwenyewe. Ukitumia televisheni au king'amuzi, tafuta kiboksi chenye tundu la mwanga na ukilishe umeme safi.

Kigeuzi cha mezani cha dola 80 hadi 130, cha FiiO, Topping au SMSL, kina faida zake, nazo ni za matumizi zaidi kuliko za sauti: milango mingi, volti 2 kamili, kitufe cha kuchagua chanzo, wakati mwingine rimoti. Chagua kinacholishwa kwa volti 5 za USB, ili umeme ukikatika pawabanki ikiendeshe. Juu ya bei hiyo, kwa nyumba zetu, unalipia chuma cha kasha. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na katika mambo ya muziki buyu huisha kwa vijiboksi, siku zote hicho kimoja zaidi, wakati spika zimesukumwa kwenye kona na sakafu ni saruji tupu inayorudisha kila mlio.

Shemeji alipiga hesabu zake kwenye kitabu cha mafuta ya gari. Waya mdogo ulibaki Karatu, na FiiO nikarudi nayo. Spika tulizivuta kutoka ukutani kama hatua moja na kuzielekeza kwenye kochi, bure, na besi ikaacha kuvimba. Zulia likatoka chumbani likaja sebuleni. Laki mbili na ushee zilizobaki zikaenda kwenye dari la jipsamu chini ya lile bati, kama malipo ya kwanza kwa fundi. Dada alikuwa akilidai dari hilo tangu wahamie. Kesi aliyoshindwa miaka yote kwa hoja ya usafi, aliishinda kwa hoja ya desibeli.